Ngano inamsumbua lakini hana siliaki: je, ana nafasi katika kikundi chenu?

SWALI

Shikamoo Daktari. Mimi ni katibu wa kikundi kidogo cha watu wenye ugonjwa wa siliaki. Tuko kumi na mmoja, tumetawanyika Mtwara Mjini, Mikindani, Masasi na Lindi, na kila mmoja wetu alipimwa mpaka akathibitishwa, wengi wetu Dar es Salaam. Tunachangishana kununua mchele na mtama, tunasagisha pamoja na kuelekezana vyakula vilivyo salama. Sasa watu wawili wameomba kujiunga. Mmoja ni mwalimu wa Nachingwea aliyeacha ngano kwa uamuzi wake miaka miwili iliyopita, tumbo likatulia, lakini hajawahi kupimwa. Wa pili ni mama wa Lindi aliyepimwa damu na utumbo akaambiwa hana siliaki, ila akila chapati anaumwa siku mbili. Baadhi yetu hawataki. Wanasema mwalimu huyo alikula nusu chapati kwenye harusi, na mwenye shughuli akatugeukia sisi: "Mbona mwenzenu anakula? Nyinyi mnaringa tu." Rasimu ya katiba yetu inamtaka mwanachama awe na cheti cha daktari. Je, tuwapokee au tuwakatae? Na tukiwapokea, wachangie sawa na sisi?

Katibu, Mtwara

JIBU

Marahaba, binti yangu.

Wapokeeni wote wawili. Sharti la cheti lifuteni, na mahali pake wekeni sharti jingine ambalo nadhani ni gumu zaidi kulitimiza kuliko kuleta karatasi ya hospitali. Nitalieleza mbele kidogo, kwa kuwa kwanza napenda kuwatendea haki wanachama wanaokataa. Hoja yao si choyo, na kikundi kikiipuuza kitawapokea wageni wawili na kuwapoteza wenyeji wanne.

Siliaki ni ugonjwa ambao kinga ya mwili, ikichokozwa na gluteni, protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai (nafaka nyingine ya jamii ya ngano), huugeukia mwili wenyewe na kuushambulia ukuta wa utumbo mwembamba. Vijinyweleo vinavyonyonya virutubisho husinyaa na kulala, na mgonjwa hubaki anakula chakula kisichomfikia, kwa sababu madini ya chuma, chokaa na vitamini hupita na kutoka. Ndiyo maana mmoja hugunduliwa kwa kuharisha na mwingine kwa upungufu wa damu usiokubali vidonge, mwingine kwa mifupa kupoteza nguvu, kwa mtoto asiyerefuka, au kwa mimba zinazoharibika. Jambo linalowatia hofu wenzako, nami nakubaliana nao, ni kwamba madhara haya hayapigi hodi. Mtu anaweza kula gluteni kidogo kila wiki, asihisi chochote, huku utumbo ukiendelea kuharibika. Mwaka 2007 watafiti wa Italia wakiongozwa na Carlo Catassi walionyesha kuwa miligramu 50 tu za gluteni kila siku kwa siku 90 zinatosha kuuathiri ukuta wa utumbo wa mgonjwa, na kipande kimoja cha mkate kina kiasi cha gramu 2 au zaidi, yaani mara arobaini ya kiasi hicho. Kwa sababu hiyo viwango vya kimataifa vya vyakula, vinavyojulikana kama Codex Alimentarius, vinakitaka chakula kinachoitwa kisicho na gluteni kisizidishe miligramu 20 katika kilo nzima. Nusu chapati ya harusini imeuvuka mstari huo kwa mbali sana.

Hali ya mama wa Lindi ni nyingine. Wapo watu ambao damu yao haina kingamwili za siliaki (chembe ambazo kinga huzitengeneza na zinazoonyesha ugonjwa huo), utumbo wao ukitazamwa kwa darubini uko salama, hawana mzio wa ngano, na bado wakila ngano tumbo hujaa, huuma, kichwa huwa kizito na mwili hulegea. Wataalamu waliokutana London mwaka 2011 walikubali kuwa hali hii ipo na inastahili jina lake, nayo ikaitwa unyeti wa gluteni usio wa siliaki. Kundi jingine, lililotoa ufafanuzi wa istilahi unaojulikana kwa jina la jiji la Oslo, lilishauri maneno "kutovumilia gluteni" yaachwe kabisa, kwa sababu kila mtu alikuwa anayatumia apendavyo. Walikuwa na sababu nzuri. Mwaka 1974 wagonjwa wa siliaki wa Marekani waliunda chama wakakiita Gluten Intolerance Group, wakiwa na maana ya ugonjwa uleule mlio nao ninyi, na leo msomaji akiliona jina hilo huelewa kitu tofauti. Kwa hiyo mnapobishana kikundini juu ya "wasiovumilia," huenda nusu yenu mnazungumzia watu wengine kabisa.

Unyeti huo hauna kipimo cha damu wala cha kuchukua kinyama cha utumbo. Daktari huufikia kwa kuondoa kwanza mengine yote, kisha kutazama yanayotokea mtu anapoacha ngano na anapoirudia. Utaratibu uliokubaliwa Salerno, Italia, mwaka 2014 unataka jaribio lenyewe lifanywe mgonjwa asijue ni wiki ipi anakula gluteni na ni wiki ipi hali, na anayempima asijue pia. Ni kazi ndefu ambayo hospitali chache hata za nchi tajiri huifanya, kwa hiyo msitarajie mama huyo aje na karatasi inayosema "ana unyeti wa gluteni." Karatasi aliyonayo, inayosema hana siliaki, ndiyo bora inayoweza kupatikana kwa mtu wa hali yake. Katiba yenu ilivyoandikwa ingemfukuza mtu aliyefanya yote aliyopaswa kufanya.

Kuna jambo jingine ambalo mama huyo anastahili kuambiwa, na kikundi chenu pekee hakitaweza kumwambia. Huenda gluteni haina kosa. Mwaka 2013 watafiti wa Melbourne, Australia, waliwachukua watu 37 walioamini kuwa gluteni inawaumiza, wakawaondolea kwanza aina fulani za wanga ambazo huchachuka tumboni, kisha wakawapa gluteni kwa siri. Madhara ya gluteni yenyewe hayakuonekana. Mwaka 2018 watafiti wa Oslo walirudia jambo kama hilo kwa watu 59, na kilichowasumbua zaidi kikawa fruktani, wanga uliomo katika ngano lakini uliomo pia katika vitunguu maji na vitunguu saumu. Ikiwa mama huyu ameacha chapati lakini bado tumbo linamvuruga siku za mchuzi uliojaa vitunguu, au akila kunde na mbaazi ambazo zina wanga wa jamii hiyo ya kuchachuka, basi ana njia ya kuifuata pamoja na mtaalamu wa lishe, na siku moja anaweza kugundua kuwa anaweza kula hiki na asile kile. Maumivu yake si ya uongo kwa sababu tu chanzo chake kimekosewa jina.

Sasa mwalimu. Huyu ndiye anayenipa wasiwasi, na wasiwasi wangu si ule wa wanachama wako. Wao wanaogopa kuwa hana ugonjwa. Mimi naogopa kuwa anao.

Mtu aliyepata nafuu baada ya kuacha ngano hajathibitisha lolote kuhusu kilichokuwa kinamuuguza. Historia ya siliaki yenyewe inatufundisha hilo kwa kisa ambacho watu wa ukanda wetu wa ndizi hukifurahia. Mwaka 1924 daktari wa New York, Sidney Haas, alitangaza kuwa anawatibu watoto wenye siliaki kwa kuwalisha ndizi, na kweli walinenepa. Kwa miaka mingi madaktari waliamini kuwa ndizi ni dawa, kumbe watoto walipona kwa sababu mlo huo haukuwa na mkate. Ukweli ulikuja kuthibitishwa na daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, aliyekuwa na shaka na ngano tangu kabla ya vita. Majira ya baridi ya njaa ya 1944 hadi 1945 mkate ulipoadimika, watoto wake wagonjwa walipata nafuu wakati wenzao wazima wakidhoofu, na mkate uliporudi, ugonjwa ukarudi. Mwalimu wa Nachingwea yuko mahali walipokuwa watoto wa Haas: amepona, na hajui amepona nini. Inawezekana ni siliaki. Inawezekana ni fruktani. Inawezekana pia kwamba alipoacha chapati aliacha na chai ya maziwa iliyokuwa ikiandamana nayo kila asubuhi, na tatizo lilikuwa sukari ya maziwa, ambayo watu wengi wazima wa Afrika hawaimeng'enyi vizuri. Inawezekana hata lilikuwa giadia (kijidudu cha utumbo) au minyoo iliyotibiwa kwa dawa alizomeza mwezi uleule.

Kujua kuna faida kwake, maana siliaki ikiwa ndiyo, hatapata ruhusa ya nusu chapati tena maisha yake yote, atahitaji kufuatiliwa damu na mifupa yake, na ndugu zake wa tumbo moja na watoto wake watapaswa kupimwa, kwa kuwa miongoni mwa jamaa wa karibu kiasi cha mmoja kati ya kumi huwa nao. Siliaki isipokuwa ndiyo, yote hayo hayamhusu.

Ugumu ni kwamba hawezi kupimwa leo. Kipimo cha damu kinachotafuta kingamwili ziitwazo tTG-IgA, na kile cha kupitisha kamera hadi mwanzo wa utumbo mwembamba na kuchukua vinyama, vyote humtaka mtu awe anakula gluteni. Aliyeiacha miaka miwili anaweza kuonekana mzima na kumbe si mzima. Miongozo ya Uingereza inamtaka mtu ale gluteni katika zaidi ya mlo mmoja kila siku kwa angalau wiki 6 kabla ya kupimwa, na hilo lifanyike kwa ushauri wa daktari, si kwa amri ya katibu wa kikundi. Sambamba na kingamwili hizo hupimwa pia kiwango cha IgA yote mwilini, yaani kundi la kingamwili ambamo tTG-IgA imo, kwa sababu wapo watu ambao kwa maumbile hawana IgA ya kutosha, na kipimo cha kwanza kikawadanganya. Pakipatikana kipimo cha vinasaba, kinachotafuta aina za HLA ziitwazo DQ2 na DQ8, basi hicho hakihitaji ale ngano hata chembe. Asipokuwa nazo, siliaki inaondolewa kwenye orodha. Akiwa nazo hakijasemwa kitu, kwa kuwa watu wengi wazima wanazo.

Hapa ndipo sharti la cheti linapoanguka. Fikiria ni nani Mtwara na Lindi anayeweza kulitimiza. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500, na kipimo cha kamera hakipo kila hospitali. Anahitaji nauli, mahali pa kulala, ruhusa ya kazini, na mtu wa kumwangalizia watoto. Mkulima wa Tandahimba anaweza kuyamudu hayo msimu wa korosho zikishalipwa, na asiyamudu kabisa mwezi wa nne. Cheti chenu hakitatenganisha wenye siliaki na wasio nayo. Kitatenganisha waliofika Dar na wasiofika. Ninyi kumi na mmoja mlifika, na sina shaka mlifika kwa taabu, lakini katika mikoa hii miwili wako wengine wenye ugonjwa uleule ambao hawajafika na wala hawajui jina lake. Wakikuta mlango wenu umefungwa hawatarudi kupima. Watarudi nyumbani na kuendelea kubahatisha.

Na tusidanganyane kuwa ni ugonjwa wa watu wa mbali. Kiwango kikubwa kabisa kilichowahi kuripotiwa duniani kimetoka Afrika, kwa watoto wa Kisaharawi wa Sahara Magharibi, ambao utafiti uliochapishwa mwaka 1999 uliwakuta na siliaki kwa asilimia 5.6, ilhali katika dunia kwa jumla kadirio ni kama asilimia 1.

Narudi kwenye harusi, kwa kuwa nimesoma barua yako mara mbili na naona kidonda kiko pale. Mwenye shughuli hakusema vibaya kwa roho mbaya. Alipika, akaandaa, kisha akaona watu waliojitambulisha kuwa wa kikundi kimoja, mmoja anakula na wengine wanasukuma sahani. Kwa hesabu yake aliyekula ni muungwana na waliokataa wana maringo. Kosa la mwalimu halikuwa kula, kwa sababu kwa ujuzi alio nao juu ya mwili wake ana haki ya kula. Kosa lake lilikuwa kula akiwa amevaa jina lenu.

Kwa hiyo sharti ninalopendekeza ni hili, na linawahusu wote, wenye siliaki na wasio nayo: mwanachama hali gluteni mahali popote anapotambulika kama mwanachama, na hamwambii mwenzake kamwe kuwa kidogo hakidhuru. Akiwa nyumbani kwake asiye na siliaki ale atakavyo, hilo si la katiba. Na kila mwanachama ajifunze kujieleza kwa maneno yasiyochanganya hali mbili. Mama wa Lindi aseme, "Mimi ngano inanisumbua, wenzangu hawa inawadhuru." Kiswahili kimetupa vitenzi viwili hapo na vinafanya kazi yote, maana hata mpishi asiyejua gluteni ni nini anaelewa tofauti ya kusumbuliwa na kudhuriwa.

Nina sababu nyingine ya kutaka wapokelewe, ambayo sijaiona ikiandikwa na wataalamu wa nchi ambako kila mtu ana sahani yake. Sisi tunakula sinia. Wali umemwagwa, mchuzi uko katikati, mikono mitano au sita inazunguka, na mmoja anachovya chapati mle mle unamotaka kuchota. Mwenye siliaki hawezi kula sinia hiyo hata kama yeye atagusa wali tu, kwa sababu makombo ya chapati yameshaingia. Inabidi apewe chombo chake. Na kwa desturi yetu ya pwani mtu anayekula peke yake pembeni, mzima wa viungo, katikati ya shughuli, ama ana msiba ama ana kiburi. Nimewaona wagonjwa walioacha kwenda kwenye hitima na arusi za ndugu zao kwa sababu ya sahani hiyo ya pekee kuliko kwa sababu ya chakula chenyewe. Nimewaona pia wengine, hasa vijana, walioamua kula na liwalo na liwe. Sasa mweke mama wa Lindi kando ya mmoja wenu. Wakiwa wawili wana sinia. Wakiwa watatu hakuna anayegeuza shingo kuwatazama. Yeye hakuwa na lazima ya usafi mkali kiasi hicho, lakini hapotezi kitu kwa kula wali msafi pamoja nanyi, na ninyi mnapata mtu wa kula naye. Wazee waliosema mgeni njoo mwenyeji apone nadhani walikuwa na jambo kama hili akilini, ingawa bila shaka hawakuwaza ngano.

Idadi inasaidia na kwenye mashine. Unga wa ngano hapa kwetu huja umeshasagwa viwandani, kwa hiyo mashine nyingi za mitaani husaga mahindi, mtama na makopa, na mtu angedhani ni salama. Hatari iko kwenye unga wa lishe, ambao akina mama wengi huchanganya mahindi, soya, karanga na punje za ngano, wakausagisha palepale. Mwenye mashine hataisimamisha na kuisafisha kwa ajili ya madebe mawili ya mchele wenu. Kwa magunia atawasikiliza, na pengine atakubali kuwasagia kwanza, asubuhi, siku ambayo jioni iliyotangulia hakusaga lishe. Bora zaidi mtafute mashine isiyosaga ngano kabisa, hata ikiwa mbali. Chekeche ya nyumbani iliyochekecha unga wa ngano msiitumie kwa unga wa mchele, kwani matundu yake hayasafishiki vizuri, na kibao cha kusukumia chapati na mwiko wa mbao ni hivyohivyo.

Mambo haya ya jikoni ndiyo sehemu ambayo wenye siliaki na wenye unyeti wanaweza kukaa darasa moja bila shida, nanyi mna mengi ya kuwafundisha wageni. Vitumbua na mkate wa kumimina ni vya mchele, lakini wapo wauzaji wanaoongeza unga wa ngano ili rojo lishikane, na bagia za kunde nazo vilevile. Mishkaki mingi huloweshwa kwa soya sosi, ambayo kwa kawaida hutengenezwa kwa ngano. Chipsi zikikaangwa kwenye mafuta yaliyokaanga sambusa na maandazi si chipsi tena kwa mwenye siliaki, kwa sababu moto hauui gluteni. Bia za kawaida ni za shayiri. Mwezi wa Ramadhani nyumba zetu hujaa kaimati na tambi, lakini futari ya muhogo, viazi vitamu, ndizi na mbaazi za nazi ni salama kwa wote, ila mbaazi mama wa Lindi azipime kwanza kwa sababu niliyoitaja.

Nikiwa kwenye muhogo niwaonye jambo lisilohusu gluteni. Vikundi vya aina yenu hupenda kuambiana "kula muhogo, ni salama," na mtu akihamia ugali wa makopa asubuhi na jioni wakati muhogo wenyewe ni ule mchungu na haukuandaliwa vizuri, sumu ya sianidi humletea balaa jingine. Ugonjwa wa konzo, unaopoozesha miguu, umewahi kuripotiwa kusini mwa Tanzania. Njia moja iliyojaribiwa ni kuulowesha unga kwa maji, kuutandaza kwa tabaka jembamba na kuuacha saa 2 juani au saa 5 kivulini kabla ya kuupika siku hiyohiyo. Pamoja na hayo muule na samaki, mayai au jamii ya kunde, usiliwe mkavu.

Mahali pa kuwatenganisha ni kwenye mazungumzo ya tiba. Mkutano wenu uwe mmoja kwa mambo ya chakula, kisha wenye siliaki iliyothibitishwa wapate muda wao wa kuzungumza kuhusu vipimo vya kurudia, madini ya chuma, mifupa na kupima watoto. Si kwa kuwaficha wengine. Ni kwa sababu ushauri unaomfaa mmoja humpotosha mwingine: mwenye unyeti akiambiwa lazima awapime watoto wake atahangaika bure, na mwenye siliaki akisikia kuwa mwenzake amejaribu tena ngano baada ya mwaka na ikamkubali, siku ya udhaifu atalikumbuka hilo. Naomba pia msigeuze ukali wa maumivu kuwa cheo. Mwenye unyeti anaweza kulala siku mbili kwa chapati moja, na mwenye siliaki akala mkate mzima bila kuhisi kitu, na hata hivyo aliye hatarini ni huyu wa pili.

Wala kikundi kisiwe hospitali. Akija mtu anayekonda bila sababu, anayetoa damu chooni, anayeharisha kwa wiki nyingi au aliyepungukiwa damu, msimpe orodha ya vyakula. Mpelekeni kituo cha afya kwanza, maana katika mikoa yetu minyoo, giadia, kifua kikuu cha utumbo na VVU hugonga mlango kabla ya siliaki. Na yeyote anayesema anataka kuacha ngano aulizwe swali moja kabla ya yote, iwapo ameshapimwa, ili asifanye kama mwalimu na kuzima taa kabla ya kutafuta alichokiangusha.

Kuhusu michango, kiingilio kiwe kimoja kwa wote, na unga kila mtu alipie kilo anazochukua. Mfuko wa nauli za Dar, kama mnao au mnafikiria kuuanzisha, uwanufaishe kwanza wasiopimwa, hivyo mwalimu atatangulia. Yeye ameajiriwa, kwa hiyo akikubaliana na daktari wake kurudia ngano, zile wiki 6 zihesabiwe kurudi nyuma kutoka likizo ya Juni au ya Desemba, ili siku za kusafiri na kupimwa ziangukie likizoni, na mwenye shughuli wa ile harusi, kama mnaelewana naye, aelezwe mapema kwa nini mwalimu ataonekana tena akila chapati.